Kadi Zote Safi, Kikapu Kimejaa

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimekaa stoo juu ya marobota ya kitambaa, kwa sababu nyumbani sisemeshwi na kazini nasemeshwa kwa shida, na naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana ndiyo siku ya mechi ya marudiano na mpaka sasa sijui nina timu au nina watu waliovaa jezi za rangi moja.

Mimi ni msimamizi katika kiwanda kidogo cha kushona mashati, mwaka wa kumi na moja sasa, na pia ni kocha wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya hapo hapo kiwandani, kazi niliyopewa kwa sababu mimi ndiye mwenye filimbi. Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu, mashine zimepangwa mstari mmoja, shati linaanzia mlangoni likiwa vipande na linaishia dirishani likiwa shati, na kila fundi ana kipande chake, wa kwanza kola, wa pili mikono, wa tatu mfuko, wa nne pindo na wa mwisho vifungo, na ndivyo tunavyoitana, Kola, Mikono, Mfuko, Pindo na Mama Vifungo, hata kwenye orodha ya timu niliandika hivyo mpaka mwamuzi akaniuliza kama nimemletea wachezaji au oda.

Sheria yangu ni moja na niliiandika mwenyewe ukutani kwa rangi nyekundu, USIGUSE KAZI YA MWENZAKO, na kila fundi ana kadi inayoning'inia kwenye mashine yake, shati likirudishwa na mkaguzi kwa kosa lako nakuwekea alama, kadi ikijaa unahamishiwa kufagia nyuzi wiki nzima, na sijisifu lakini utaratibu huo umefanya kazi, kwa miaka sasa kadi za Kola na wenzake watatu ni nyeupe kama zimetoka kuchapwa leo. Mwenye alama ni Mama Vifungo peke yake, tena si za kuharibu, ni za kuchelewa, maana wenzake wakishatoka yeye hubaki nusu saa nzima na rundo lake pale dirishani, na vifungo saba vya shati havitaki nusu saa.

Mama Vifungo ni dada mkubwa wa mke wangu. Hapo ndipo maji yalipozidi unga, lakini ngoja nifike taratibu.

Mwaka huu nilikwenda mafunzo ya makocha ya siku mbili. Siku ya kwanza tulifundishwa ulinzi wa mtu na mtu, kwamba kila mchezaji anapewa mpinzani mmoja wa kumlinda, anasimama kati yake na kikapu, magoti yamekunjwa, mikono imetanuliwa, macho kiunoni kwa mpinzani na si usoni kwa sababu uso unadanganya na kiuno hakidanganyi, na niliposikia hayo nilijiona nimefika kwetu, kwani kila mtu na mtu wake ni sawasawa na kila mtu na mashine yake. Siku ya pili ratiba iliandikwa "Kulinda kama timu", na hapa naungama kwako jambo ambalo hata mke wangu halijui, asubuhi ile waligawa vyeti mapema, nikachukua changu nikaondoka, nikajisemea watu watano kila mmoja akilinda wake, hiyo si tayari ni timu, kuna nini tena cha kufundisha.

Basi nikawafundisha wiki sita. Niliwaambia mtu wako akienda kushoto nenda kushoto, akirudi rudi, akikohoa ujue kwa nini amekohoa, usimwache popote aendapo. Na ili washike nikawatengenezea kadi kama za kazini, mtu wako akifunga kikapu unapata alama moja, na wakashika kweli, sijawahi kuona watu wakishika somo namna ile.

Siku ya mechi tulicheza na timu ya kiwanda cha sabuni. Waliposhuka kwenye gari lao walipanga mstari kutusalimia, nami nikagawa watu kwa mpangilio ule ule wa karakana, wa kwanza wao kwa Kola, wa pili kwa Mikono, wa tatu kwa Mfuko, wa nne nikamwambia Pindo wako ni yule mwenye hereni za duara, na wa mwisho, aliyekuwa bado ameinama anafunga kamba za viatu, akaangukia kwa Mama Vifungo. Sikujua kwamba huyo wa mwisho, mwembamba mpaka sisi tukamwita Sindano, ndiye mwenye mbio kuliko wote, na Mama Vifungo ana miaka arobaini na nane na goti moja linalolia kama mlango.

Kabla mpira haujarushwa mwamuzi akaamuru hereni zivuliwe. Zikavuliwa. Pindo akabaki katikati ya uwanja anageuza kichwa, "Kocha, wangu yuko wapi?" Nikamwambia mtafute. "Simwoni mwenye hereni!" Alitafuta robo nzima ya kwanza, na yule dada aliyevua hereni akafunga vikapu vinne peke yake kama yuko mazoezini, na kwenye kadi vikapu hivyo sikumwandikia mtu kwa sababu havikuwa na mwenyewe.

Robo ya pili mtu wa Kola akatolewa apumzike. Kola akamfuata mpaka kwenye benchi la watu wa sabuni, akasimama mbele yake ametanua mikono. Mwamuzi akapuliza filimbi.

"Dada, unafanya nini huku?"

"Huyu ni wangu."

"Ametolewa, anapumzika."

"Kocha alisema popote."

Yule wa sabuni akalalamika, "Jamani, hata maji nisinywe?" na Kola akamjibu bila kuinua macho kutoka kiunoni, "Kunywa tu shoga, mimi nipo."

Nakuambia haya ujue kwamba nidhamu haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwa shemeji yangu. Sindano alikuwa akimpita Mama Vifungo kila mara, akishampita anakwenda moja kwa moja mpaka chini ya kikapu, na njiani wapo wangu wanne lakini wote wamempa mgongo kwa sababu kila mmoja anamtazama wake. Mama Vifungo alikuwa akipiga kelele, "Anakuja, Mfuko! Nisaidie, anakuja!" na Mfuko, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka kwenye kikapu, akajibu, "Nikija, huyu wangu nimwachie nani?" kisha akavuta mguu kidogo Sindano apite vizuri wasigongane. Mikono yeye alisema, "Pole, dada."

Wakati wa mapumziko nikasoma kadi kwa sauti. Mama Vifungo akasema, "Msimamizi, nilikuwa naita." Nikamwambia kuita si kulinda. Mwisho wa mechi ubao ulisomeka hamsini na mbili kwa ishirini na tisa, walitufunga vikapu ishirini na tano na mitupo miwili ya adhabu, nikasoma tena kadi mbele ya wote, na watu wa sabuni nao walikuwa bado wapo wanasikiliza, Mikono hana alama, Mfuko moja, Kola mbili, Pindo mbili, Mama Vifungo kumi na sita. Nikainua kadi yake juu nikasema, "Haya, tundu letu liko hapa." Nilisema hivyo, mshauri, siwezi kukuficha, na kuna mtu wa sabuni alicheka.

Jumatatu asubuhi nikakuta mezani kwangu jezi yake imekunjwa kama ya kuuzwa, juu yake ile kadi, na juu ya kadi kiwembe kidogo cha kufumulia nyuzi ambacho sijui alikuwa nacho cha kazi gani, maana mshona vifungo hana cha kufumua. Ameomba likizo ya wiki mbili akapewa. Mke wangu aliniambia, "Dada yangu ndiye aliyekufundisha kutunga uzi kwenye mashine ulipofika pale hujui hata sindano inaingia wapi, leo unamsomea alama mbele ya watu," na tangu hapo jina langu ni Bwana Kadi, "Bwana Kadi, chakula," "Bwana Kadi, mlango," na juzi nilipomwomba anisogezee chumvi akanijibu kila mtu na sahani yake.

Na kama vile haitoshi, wiki hii mkaguzi ametuletea mashati thelathini na moja, kola zimepinda, mifuko imekaa upande, mkono mmoja umeshonwa ndani nje, jambo ambalo halijatokea tangu nianze kazi, nadhani huzuni ya kufungwa imewaingia vidoleni. Nimewauliza mafundi kulikoni, wote wanne wanatazama sakafu.

Sasa ninaye binti mmoja wa idara ya kufungasha, mrefu, anagusa fremu ya mlango bila kujinyoosha. Naomba uniambie, nimwache shemeji moja kwa moja nimweke huyo binti na nikose amani nyumbani, au nimbembeleze shemeji kwa ajili ya amani halafu tufungwe tena, maana kadi hazisemi uongo? Na nifanye nini ili kila mmoja amlinde mtu wake vizuri zaidi ya pale?

Ni mimi,
Kocha mwenye cheti


MSHAURI ANAJIBU

Kocha mwenye cheti,

Kwanza pole. Kufungwa kwa tofauti ya pointi ishirini na tatu kunauma, na kuitwa Bwana Kadi mezani kwako mwenyewe kunauma zaidi. Pole imeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Nilikaa pembeni ya viwanja miaka mingi nikiandikia gazeti hili matokeo ya mechi, na nina tabia ya kujumlisha. Umeandika alama ishirini na moja kwenye kadi na vikapu vinne ukasema havina mwenyewe. Mimi sijawahi kuona kikapu kisicho na mwenyewe. Vyote ishirini na tano ni vyako.

Nitakuonyesha. Uliwapa mafundi wako watu kwa foleni ya kusalimiana. Ukampa mwenye goti bovu mchezaji mwepesi kuliko wote kwa sababu huyo alikuwa wa mwisho kufunga viatu. Ukamtambulisha mpinzani kwa hereni, na jezi zina namba mgongoni. Kisha ukawafundisha wanawake wanne kwamba mwenzao akipitwa, la muhimu ni kadi zao kubaki safi. Wakakutii. Kola alikutii mpaka kwenye benchi la watu. Timu ile haikukosa nidhamu hata chembe. Ilitii mafunzo nusu, kwa sababu kocha wake alichukua cheti siku ya pili asubuhi akaenda zake. Hilo la cheti mwambie mkeo leo. Atalisoma hapa kabla hujamaliza chai.

Sasa nikupe kile ulichokikimbia, maana leo ni Jumatatu na una jioni tano.

Ulinzi wa mtu na mtu unaanza na mtu wako, ila hauishii kwake. Kila mmoja ana mpinzani wake, lakini mwenye mpira ni wa wote watano. Anayemlinda mwenye mpira anasogea karibu, umbali wa mkono, kama ulivyofundisha siku ya kwanza. Ambaye mtu wake yuko jirani na mpira anajiweka kwenye njia ya pasi. Na ambaye mtu wake yuko mbali, upande ule mwingine wa uwanja, anamwacha. Ndiyo, anamwacha! Anaingia hatua tatu au nne ndani karibu na kikapu, anageuza mwili ili amwone mtu wake na mpira kwa wakati mmoja. Waambie wanyooshe mkono mmoja kwa mpira na mwingine kwa mtu wao. Wasipoweza kunyoosha yote miwili bila kugeuza kichwa, wamesimama pabaya. Mtu aliye mbali na mpira hawezi kumfunga mtu. Mpira ukirushwa kwake, mlinzi wake anapata muda wa kumrudia wakati mpira uko hewani.

Sindano akimpita mlinzi wake, aliye karibu na kikapu anatoka kumziba. Mfuko alikuuliza swali zuri kuliko yote uliyoniuliza wewe: "Nikija, huyu wangu nimwachie nani?" Jibu ni kwamba anamwachia Pindo, Pindo anamwachia wake Mikono, na yule aliyepitwa halii pale alipo, anakimbia kurudi kikapuni kumchukua aliyebaki bila mtu. Wote wanahama pamoja, tena wanahama mpira ukiwa bado njiani, si ukishafika. Na wanasema. Anayeziba anasema "Nimeziba!" Anayerudi anasema "Nimerudi, wangu ninaye!" Ulimwambia Mama Vifungo kuita si kulinda. Kuita ni nusu ya kulinda, kocha, na siku ile ndiye peke yake aliyekuwa anaifanya.

Mazoezini weka washambuliaji wanne nje kuzunguka kikapu na walinzi wanne ndani. Washambuliaji wapeane pasi taratibu, marufuku kutupa kikapuni. Kila pasi, walinzi wote wanne wahame. Puliza filimbi ghafla, wote wagande, upite ukitazama miguu na mikono yao kama unavyokagua mshono. Fanya hivyo dakika ishirini, siku mbili. Siku ya tatu mruhusu mshambuliaji mmoja apenye kwa kudunda mpira, uone nani anatoka kuziba na nani anamfunika aliyeziba. Mara ya kwanza watagongana na kulaumiana. Waache walaumiane, angalau watakuwa wanaongea.

Zile kadi za uwanjani chana zote. Ukishindwa kabisa kuishi bila kadi, tumia moja kwa watu watano, kikapu kikiingia alama ni ya wote, na jina la kwanza juu yake liwe la kocha.

Nimeacha la mwisho makusudi, kwa kuwa ndilo kubwa na wewe umelitaja kwa kupita tu.

Unasema shemeji yako alikuwa akibaki nusu saa na rundo la mashati pale dirishani, mwisho wa mstari. Unasema alikuwa na kiwembe cha kufumulia nyuzi, na mshona vifungo hana cha kufumua. Unasema kadi za wenzake wanne zimekuwa nyeupe miaka yote. Kisha unasema ameondoka wiki moja, na wiki hiyo hiyo mkaguzi amerudisha mashati thelathini na moja. Ukayaweka yote kwenye karatasi moja, ukaandika kwamba ni huzuni ya kufungwa.

Sikuwepo karakanani kwenu, kwa hiyo hili ni kisio langu, lipime mwenyewe. Kesho asubuhi wakusanye mafundi wanne, usiwaulize nani amekosea. Uliza: "Nani alikuwa anafumua?" Watatazama sakafu. Safari hii subiri, usiondoke. Nadhani utaambiwa kwamba kola iliyopinda ikifika dirishani ilifumuliwa ikanyooshwa, na mfuko uliokaa upande ulirudishwa mahali pake, na mwenye kufanya hivyo alikuwa akivunja sheria yako ya rangi nyekundu kila siku ya kazi ili kadi za wenzake zibaki safi, na wewe ukimwandikia alama za kuchelewa. Hao wanne nao wana la kujibu. Miaka yote walizibiwa, siku alipoita uwanjani mmoja akamwambia "Pole, dada."

Kwa hiyo unaniuliza kama umwache mtu pekee pale kiwandani aliyekuwa anajua siku ya pili ya mafunzo bila kuhudhuria. Usimwache. Wala usimrudishe kwa ajili ya amani ya nyumbani. Atalijua hilo kabla hujakaa kitini. Mrudishe kwa sababu unamhitaji. Jumamosi mpe mpinzani mzito kuliko wote, yule anayekaa chini ya kikapu na hakimbii. Goti lake litashukuru. Akiwa pale nyuma ataona uwanja mzima, kama anavyoona mstari mzima kutoka dirishani, na kazi yake ya pili iwe kuita. Wengine kazi yao ni kumsikia. Sindano mpe Mikono, aliyemaliza mechi bila alama na bila jasho. Binti mrefu wa kufungasha akae benchi, ajifunze kwa kutazama. Kugusa fremu ya mlango si ulinzi.

Nenda kwa shemeji yako kesho jioni mkitoka kazini. Usiende na zawadi, na usimtume mkeo akutangulie kukulainishia njia. Nenda na Kola, Mikono, Mfuko na Pindo, kwa sababu walikusikia ukisoma zile alama, na wasikie na haya. Mkabidhi kiwembe chake mkononi. Mwambie kwamba kumi na sita zile zilikuwa zako, na za kuchelewa pia. Usiseme "kama nilikukosea". Ulimkosea, una idadi. Kwa watu wa sabuni utalimaliza hilo Jumamosi kabla ya mechi, uwaambie vivyo hivyo, na yule aliyecheka asikie vizuri.

Ule ukuta upake rangi upya. Mafundi wafundishane kukagua kipande kinachowajia kabla hakijafika dirishani, maana mtu mmoja hawezi kuwa ulinzi wa kiwanda kizima, awe na kiwembe au asiwe nacho.

Ukiwa pale kwake, usigusie mpira wa kikapu mpaka auguse yeye. Atakapougusa, jambo la kwanza atakalouliza ni nani atamlinda yule Sindano. Mikono ataanza kuinua mkono. Mtangulie, jibu neno moja: "Sote." Ukishalisema, waangalie hao wanne usoni mmoja mmoja, na safari hii usitazame kiuno.

Mshauri